Tamko la kurasa mbili: uchambuzi wa kisa cha mkutano wa vijana wa vyama vya kihafidhina, Moshi

Kisa hiki kinachambuliwa kwa ajili ya waratibu wa jumuiya za vijana wa vyama, hasa wanaopokea wageni na ufadhili kutoka nje. Majina ya vyama, watu, hoteli na kijiji yameondolewa, na baadhi ya siku zimesogezwa. Kilitokea baada ya Januari 2023, mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena nchini, na kabla ya uchaguzi mkuu wa 2025.

Waliokutana

Mwenyeji alikuwa baraza la vijana la chama kimoja cha upinzani, kupitia uongozi wake wa kanda ya kaskazini. Wageni walikuwa 12: vijana wa vyama viwili vya Afrika Mashariki, kimoja cha Afrika Magharibi na viwili vya Ulaya. Wenyeji walikuwa 16, wengi wao kutoka Moshi Vijijini, Hai, Rombo na Arusha. Mkutano ulikuwa wa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Taasisi moja ya Ulaya yenye uhusiano na chama rafiki ilibeba gharama.

Vyama vya namna hii vina familia yao ya kimataifa. Umoja wao mkuu, IDU, ulianzishwa London mwaka 1983, na Margaret Thatcher, Helmut Kohl, Jacques Chirac na George H. W. Bush walikuwa miongoni mwa waasisi. Umoja huo una tawi la vijana, IYDU. Barani Ulaya vijana wana vyombo vyao wenyewe: wanafunzi wana EDS tangu 1961, na jumuiya za vijana wa vyama vya kati-kulia zina YEPP tangu 1997. Mwenyeji anapaswa kuujua ukongwe huu, kwa sababu mgeni anatoka kwenye jumuiya iliyozoea kazi. Vijana wa kihafidhina wa Denmark walijiunga pamoja mwaka 1904. Junge Union ya Ujerumani ni ya 1947 na hupokea wanachama wa miaka 14 hadi 35. Kijana wa miaka 22 aliyetumwa kutoka huko huenda amekaa kwenye kamati za kuandika maazimio tangu shule ya sekondari. Anafika na rasimu mkononi, na kwake hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Neno lililozua minong'ono

Kwanza neno lenyewe, maana liliharibu saa nzima ya siku ya kwanza. Mgeni alisema kwa Kiingereza kwamba wote ukumbini ni familia moja ya kihafidhina. Mkalimani akatafsiri kama kamusi inavyosema: "sisi wahafidhina". Ukumbi ukaanza kunong'ona. Katika siasa za Tanzania, na za Zanzibar zaidi, "wahafidhina" ni jina wanalopewa watu wa chama tawala wanaokataa mageuzi. Vijana wa upinzani waliokaa pale wamelitumia neno hilo kumlaumu mpinzani, na sasa walikuwa wanaambiwa ndilo jina lao.

Mwenyekiti wa kikao alisimamisha mada na kueleza maana inayokusudiwa: watu wanaoamini familia, dini, mali ya mtu, biashara huru na taasisi za jadi zilizokwisha kujaribiwa, na wanaotaka mabadiliko yaje hatua kwa hatua. Tangu hapo ukumbi ulitumia "vyama vya mrengo wa kati-kulia". Maelezo hayo yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kabrasha.

Maandalizi

Mwaliko na ratiba vilitoka kwa mshirika wa Ulaya siku 75 kabla. Ratiba ilikuwa na vikao tisa, saba kati yake vikifundishwa na wageni. Kamati ya kanda iliipokea ikaipitisha siku hiyohiyo bila kubadilisha hata mstari. Tutalirudia jambo hili.

Upande wa sheria ulishughulikiwa vizuri. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, kwa marekebisho ya 2019, inamtaka mtu au taasisi yoyote, ya ndani au ya nje, inayokusudia kutoa mafunzo ya uraia au ya kujenga uwezo kwa chama cha siasa impe Msajili wa Vyama vya Siasa taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Taarifa hiyo itaje lengo, aina ya mafunzo, wahusika, vifaa vya kufundishia na matokeo yanayotarajiwa. Machi 2022, Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya marekebisho hayo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanasheria wa chama aliijua hukumu hiyo, lakini alishauri taarifa ipelekwe vilevile: hoja ya mahakamani isijaribiwe kwa mkutano wenye wageni ambao tayari wamekwisha kukata tiketi.

Barua ya kwanza ilifika siku 41 kabla ikiwa na upungufu: vifaa vya kufundishia na matokeo yanayotarajiwa havikutajwa. Iliyorekebishwa ilipokelewa siku 33 kabla. Mwanasheria alihesabu kuanzia muhuri wa kupokelewa, akaipuuza tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Siku tatu tu ndizo zilizobaki, na kwa kweli zilikuwa chache mno. Barua inayoandikwa na taasisi ya nje mara nyingi hueleza "warsha ya uongozi" bila kusema nani atafundisha nini, kwa hiyo mwenyeji ndiye anayefaa kuiandaa na mfadhili kuisaini.

Visa nazo zilikaribia kuleta kasheshe. Wakufunzi wawili waliomba visa ya kawaida ya dola 50 wakijiandikisha kama watalii, kwa kuwa walipanga kupanda Kilimanjaro baada ya mkutano. Mratibu aliwataka waandike ukweli na kuuliza Uhamiaji kwa maandishi ni visa ipi inawahusu. Wakaelekezwa visa ya biashara, dola 250. Mfadhili alinung'unika kuhusu gharama. Mratibu alishikilia msimamo, na alikuwa sahihi: mgeni wa chama cha siasa anayeshikwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akiwa na visa ya utalii na kompyuta iliyojaa mada za kampeni anamwachia mwenyeji kesi, si gharama tu.

Mkutano ulikuwa wa ndani, lakini barua ya taarifa ilipelekwa kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku ya kwanza alifika ofisa mmoja aliyevaa kiraia. Alipewa kiti, ratiba na chai. Alikaa hadi mchana, akaondoka.

Fedha hazikupita kwenye akaunti ya chama. Mfadhili alilipa hoteli na ukalimani moja kwa moja. Hata hivyo mhasibu wa makao makuu aliziorodhesha kwenye taarifa kwa Msajili, kwa sababu sheria inakitaka chama kutaja fedha na rasilimali nyingine kinazopata kutoka nje. Chumba cha hoteli kilicholipwa na mgeni ni rasilimali. Wengi hulisahau hili.

Posho

Mfadhili hulipa malazi, chakula na nauli yenye ushahidi, na si zaidi ya hapo. Mwaliko kwa wajumbe wa Tanzania haukusema hivyo. Alhamisi saa nne asubuhi swali la kwanza kutoka sakafuni lilikuwa la posho ya kikao, na halikuwa swali la tamaa. Dada mmoja alikuwa amefunga genge lake siku nne, mwingine amekopa nauli. Mjadala ulikula saa nne, vikao viwili vikafutwa.

Nauli ilileta tatizo jingine. Basi la kutoka mkoani linatoa tiketi. Noah, gari dogo la abiria, ya kutoka Rombo hadi njia panda haitoi chochote. Mhasibu wa mfadhili alitaka risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Suluhisho lilikuwa fomu ya ukurasa mmoja: jina, njia, tarehe, kiasi kulingana na nauli kikomo ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), saini ya msafiri na ya mratibu. Mfadhili aliikubali kwa simu. Fomu hiyo ingetumwa pamoja na mwaliko, saa nne zile zisingepotea.

Rasimu ya Ijumaa usiku

Ijumaa baada ya chakula cha jioni, mjumbe wa Ulaya aligawa rasimu ya tamko la pamoja: kurasa mbili za Kiingereza, vipengele 11, ipitishwe Jumamosi saa tatu asubuhi na baadaye iwasilishwe kwenye mkutano wa vijana wa kimataifa.

Vipengele vinane havikuwa na ubishi. Cha nne kilitaka ardhi iwe mali kamili ya mtu binafsi, inayouzika bila vizuizi. Cha sita kilitaka vyama vya ushirika vinavyolazimishwa na serikali viondolewe kwenye biashara ya mazao. Cha tisa kilichukua upande katika mgogoro wa kimataifa ambao baraza la vijana mwenyeji halijawahi kuujadili popote.

Kwa mwandishi, hayo yalikuwa mambo ya kawaida ya mrengo wake. Hapa Tanzania yana uzito mwingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini; mtu anamiliki haki ya kuitumia. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo "inayouzika bila vizuizi" ikifika Kiswahilini inasomeka kwa namna moja tu: wageni wanunue.

Ndivyo ilivyosomwa. Saa tatu usiku mgeni mmoja alipiga picha ukurasa wa kwanza akauweka mtandaoni akisema wajumbe wamekubaliana. Kabla ya saa sita picha ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Moshi na Arusha ikiwa na maneno mapya: vijana wa chama hiki wanataka ardhi iuzwe kwa wazungu. Mwenyekiti wa kanda aliamshwa na simu ya mzee wa chama.

Uamuzi uliofanyika, na kwa nini

Wakuu wa misafara walikaa saa kumi na mbili asubuhi. Waliamua mambo manne.

Picha iondolewe, na makao makuu yatoe kauli ya sentensi tatu: hakuna tamko lililopitishwa, iliyosambazwa ni rasimu ya mjumbe mmoja, na msimamo wa chama kuhusu ardhi ni ule ulio kwenye ilani. Kauli ilitoka saa mbili kasoro. Walikataa pendekezo la kuandika ufafanuzi mrefu, kwa kuwa kila sentensi ya ziada ingezaa swali lake.

Kikao cha kupitisha tamko kiahirishwe, na ziara ya kijijini iliyopangwa Jumapili kama matembezi ihamishiwe Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti alisema wageni hawawezi kuandika kuhusu ardhi ambayo hawajaikanyaga. Wengine waliona ni kukwepa ubishi. Matokeo yalimuunga mkono mwenyekiti.

Kamati ya watu wanne iandike upya: wenyeji wawili, mjumbe mmoja kutoka Afrika Magharibi, Mzungu mmoja. Iandike kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza kifuate.

Kipengele cha tisa kifutwe bila mjadala. Mjumbe hana ruhusa ya kusaini jambo ambalo chombo kilichomtuma hakijalizungumza.

Kihamba na mfongo

Kijiji kiko mteremko wa Kilimanjaro, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Mwenyeji wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Vijana walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akawaingiza kwenye kihamba, shamba la familia la Wachaga: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni, ng'ombe bandani. Katikati ya migomba kulikuwa na makaburi ya baba na babu yake. Mjumbe wa Ulaya aliuliza shamba lina thamani gani sokoni. Mzee alionyesha makaburi kwa fimbo. "Hapa mwanangu, utaanza kuuza kuanzia wapi?"

Kisha akawapeleka kwenye mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia. Unatunzwa na wanaoutumia: wana zamu za maji, siku za kuzibua na faini kwa asiyefika. Hakuna ofisi ya wilaya inayoendesha zamu hizo. Hapo ndipo mjumbe aliyeandika rasimu alipobadilika. Chama chake kina mizizi katika fikra za Kikristo za Ulaya, na moja ya nguzo zake, iliyofafanuliwa katika waraka wa Papa Pius XI wa 1931, ni kwamba jambo lifanywe na ngazi iliyo karibu nalo kadiri ngazi hiyo inavyoliweza, na serikali isilinyakue. Alikuwa akitafuta kanuni hiyo kwenye soko la ardhi, akaikuta kwenye mfereji.

Kuhusu ushirika mzee alikuwa na mengi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walijiunga pamoja tangu 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, umoja wa vyama vyao vya ushirika, katika ushirika wa mwanzo kabisa wa Waafrika. Kwa Wachaga ni urithi wa kujivunia. Shule nyingi zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Malalamiko ya vijana yalikuwa mengine: tangu 2018 serikali ilipoelekeza kahawa ipite kwenye vyama vya msingi, mkulima anakabidhi mzigo bila kujua atalipwa lini. Wanautaka ushirika, lakini hawautaki mlango mmoja usio na saa ya kufunguliwa. Rasimu ya Kiingereza ilikuwa imelichanganya jambo hili na lile.

Vipengele vilivyoandikwa upya mchana huo vilisomeka hivi:

"Ardhi ya familia na ya ukoo ilindwe kwa hatimiliki za kimila, na asiondolewe mtu bila fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati."

"Mkulima ajue bei ya awali kabla ya kukabidhi kahawa, alipwe ndani ya siku zilizoandikwa, na awe na njia nyingine halali ya kuuza ushirika wake ukishindwa."

Maneno ya fidia yalitolewa kwenye Sheria ya Ardhi yenyewe. Asingeweza mtu kuyaita ya kigeni.

Matokeo

Tamko lilipitishwa Jumapili likiwa na vipengele saba kwenye ukurasa mmoja. Jumuiya nne kati ya sita zilisaini palepale. Moja ya Ulaya ilisubiri kamati yake tendaji, ikasaini wiki tatu baadaye. Moja ya Afrika Mashariki haikusaini kabisa, na haikueleza sababu.

Picha ya Ijumaa ilidumu kuliko tamko. Diwani wa upande wa pili aliisoma kwenye mkutano wa kata miezi miwili baadaye, na mwenyekiti wa kanda aliitwa kujieleza mbele ya baraza la uongozi.

Kati ya mambo sita waliyokubaliana kufuatilia, mawili yalifanyika ndani ya mwaka: kijana mmoja alikwenda kujifunza kazi kwa mwezi kwenye ofisi ya jumuiya rafiki, na matawi matano yalianza kukusanya ada kwa daftari la mwezi. La pili lilitokana na kikao cha mjumbe wa Afrika Magharibi, kilichokuwa kifupi kuliko vyote.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilifanyika siku 75 kabla, pale ratiba ya mgeni ilipopitishwa bila kuguswa. Anayelipa hoteli hupanga ratiba kwa kuwa hakuna mwingine aliyeipanga; mara nyingi hana nia mbaya. Kanda ingeweza kupeleka ukurasa mmoja wa mambo matatu inayotaka kujifunza na mawili inayoweza kufundisha. Isingegharimu kitu. Ushirika na ardhi ni mambo ambayo vijana wa Kilimanjaro wangeweza kuwafundisha wageni siku nzima, na hayakuwa kwenye kikao hata kimoja.

Kikao cha ada kilifaulu kwa sababu ya mfanano wa hali. Mtaalamu wa Ulaya alieleza makato ya benki ya kila mwezi kwa wanachama. Dada kutoka Afrika Magharibi alieleza jinsi tawi la watu 20 linavyochangishana sarafu kila wiki, nani anashika daftari, nani anashika fedha, na kwa nini wasiwe mtu mmoja. Kesho yake watu waliweza kuanza. Ufadhili huenda kaskazini–kusini, lakini ujuzi unaotumika ulitoka magharibi mwa bara hilihili, na bajeti ya safari za Afrika kwa Afrika ilikuwa ndogo kuliko zote.

Ukalimani uliajiriwa kwa bei rahisi: mtu mmoja kwa saa saba. Wakalimani wa papo kwa papo hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila nusu saa au chini ya hapo, kwa sababu akili huchoka. Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, kuna wakalimani wazoefu wa mahakama na mikutano ya Jumuiya. Kuongeza wa pili kungegharimu pungufu ya zile saa nne za posho.

Kuandika kwa Kiswahili kwanza kulifanya kazi kuliko jambo lolote. Sentensi ya Kiingereza iliyotafsiriwa humkuta mwenyeji akitafuta namna ya kukubali kwa adabu. Sentensi ya Kiswahili humkuta mgeni akiuliza maana yake, na ni katika kuuliza huko ndipo ubishi wa kweli ulipotokea na kumalizika.

Umri nao ulichangia. Wageni wa Ulaya walikuwa na wastani wa miaka ishirini na kitu, wenyeji wengi walikaribia 35, wana watoto na mashamba. Wenyeji walinyamaza Ijumaa usiku kwa heshima ya mgeni, na wageni wakausoma ukimya ule kama ridhaa. Mwenyekiti aliyejua hilo angemuuliza kila mjumbe kwa jina.

Kuhusu picha, hapakuwa na kanuni yoyote iliyovunjwa, kwa kuwa haikuwapo. Baraza la vijana liliiandika baadaye kwenye mwongozo wake: rasimu ya tamko iwafikie wajumbe kwa Kiswahili siku 21 kabla, ipitiwe na kamati tendaji, na isiwekwe mtandaoni kabla ya saini ya mwisho. Mkutano uliofuata ulifanyika Arusha. Rasimu ya mshirika ilifika siku tisa kabla. Kamati ilimwandikia kwamba safari hii hakutakuwa na tamko. Wajumbe walikutana siku tatu, wakafanya kazi ya madaftari ya matawi, wakatoa taarifa ya aya mbili inayosema nani walikutana na nini kilifundishwa.